Sauti Yangu Iko kwa Kulwa

Jumapili, 1 Juni

Nimerudi. Miguu imevimba. Bonanza lilianza jua likiwa kichwani, tukaimba mpaka wahudumu wakaanza kukusanya viti. Nimetafuna tangawizi hadi ulimi umekufa ganzi. Uzi wa gitaa la Deus ulikatika, akapiga hivyo hivyo, hakuna aliyegundua.

Leo nimetaja majina ya wateja kuliko maneno ya wimbo wenyewe. Ndiyo kazi. Mtu anakula nyama yake, anakunywa bia yake, lakini alichofuata ni kutajwa kwenye spika mbele ya watu. Ukimsahau ananuna, na Jumapili ijayo anahamia baa nyingine. Kwa hiyo pale Deus anapoachiwa apige solo peke yake, mimi nasalimia. Fulani na familia yake. Fulani wa Mkolani. Mzee Masalu wa Mwaloni, simama tukuone. Naye husimama kweli, na tumbo lake na kofia yake, anaizunguka meza mikono juu, baa nzima inapiga vigelegele. Halafu anakuja jukwaani kunitunza, noti mkononi. Huniita Mkerewe wangu. Husema Ukerewe kumebaki sauti tu, samaki wote tumewamaliza sisi wa soko la Mwaloni. Mke wake, Mama Kabula, anaficha uso kwa kitenge na kucheka.

Sele, fundi mitambo, bado anaunganisha kompyuta yake kwenye miksa kila tukipanda jukwaani. Nimemuuliza ya nini. Eti Kulwa kamwambia apime mitambo. Haya, apime. Huyo Kulwa mwenye baa angepima na maji ya kunywa ya jukwaani, maana leo tena hayakuwepo. Nimekunywa ya Deus.

Jumatano, 4 Juni

Tumeenda mazoezini kama kila Jumatano. Geti limefungwa. Mlinzi anajifanya hatujui, na mimi ndiye niliyemwimbia harusini kwake. Tumesimama juani mpaka Kulwa alipotoka na funguo za gari mkononi. Amesema bendi basi. Wateja siku hizi wanataka mambo ya kisasa. Hakutuangalia usoni, aliongea huku anafuta kioo cha gari kwa kidole.

Miaka yote hiyo. Baa ilipokuwa mabati na benchi, sisi ndio tulioijaza. Watu walikuwa wanatoka Kirumba na Buzuruga kuja huku Igogo chini kutusikiliza, baa yenyewe hata jina haikuwa nalo. Iliitwa Kwa Kulwa, basi. Leo anatutoa getini.

Tumba na kinanda ni vyake, vimebaki ndani. Deus kaondoka na gitaa lake. Mimi sikuwa na cha kubeba. Nilijiambia njiani, nikipanda mlima, kwamba mimi chombo changu kiko kooni, hicho hakifungiwi geti. Nikajifariji hivyo. Mjinga mimi.

Jumapili, 8 Juni

Mwandiko huu sijui kama nitausoma kesho.

Nilikuwa nyuma ya nyumba nafua mashuka. Nikasikia naimba.

Sijui niandike vipi. Nilikuwa nimefunga mdomo, mikono iko kwenye povu, na sauti yangu inapanda kutoka kule chini ziwani. Mwanzo nilidhani ni kichwa. Jirani akachungulia dirishani, akaniangalia mimi, akaangalia kule chini.

Nimeshuka na kanga yangu ya kufulia. Nimeingia kwa Kulwa miguu peku. Jukwaani kuna binti, wanamwita Angel, gauni la kung'aa, maiki mkononi isiyo na waya wala chochote. Anafungua mdomo, natoka mimi. Nyuma yake vijana wawili wameshika magitaa ambayo hayajachomekwa popote. Deus anapiga solo na Deus yuko kwao Mabatini amelala. Kisha ikafika sehemu ya salamu. Nikawasikia wote niliowasalimia, mmoja mmoja, na wale waliokuwepo wanapunga mikono na kufurahi. Mzee Masalu akasimama akazunguka meza. Aliponiona mlangoni mikono yake ikabaki hewani. Alimwangalia yule binti, akaniangalia mimi. Akakaa. Yeye peke yake ndiye aliyekaa.

Nimemfuata Kulwa kaunta. Nimemwambia wewe ni mwizi, mchana kweupe, mbele ya wateja wako. Akacheka. Akasema uliimba kwenye maiki yangu, kwa umeme wangu, juu ya jukwaa langu, na nilikulipa. Nikamwambia ulilipa niimbe, hukulipa Sele anirekodi na kompyuta yake, uniweke kwenye flashi. Akaniambia nimpishe, nawatisha wateja na kanga yangu ya povu.

Sele alikuwa kwenye miksa. Alijifanya anatafuta waya chini ya meza mpaka nilipotoka.

Jumatatu, 9 Juni

Sikulala. Sauti imenikauka kwa kugombana. Yangu imekauka, ya kule chini iko salama. Nachukia.

Alhamisi, 12 Juni

Nimekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Nimemweleza kila kitu. Kasikiliza, kalamu mkononi, halafu kauliza kilichoibwa ni nini hasa. Nikasema sauti. Kaniangalia kwa huruma kabisa. Kasema lakini mama, sauti si unayo, si unaongea hapa?

Sina hakika kama alikuwa ananicheka. Nadhani hakuwa. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Hakuwa mtu mbaya, aliniagizia soda na kuniuliza kama nina mkataba. Nani aliwahi kuandikishana mkataba na Kulwa? Tulikuwa tunamwita kaka.

Ninachotaka ni kitu kimoja. Afute. Sitaki kurudi kwake, sitaki hela yake, sitaki aniombe radhi na ule uso wake mkavu. Afute sauti yangu, basi.

Jumapili, 15 Juni

Niko sokoni nanunua nyanya, mtu ananipongeza. Eti leo mama umetisha, umeimba vizuri kuliko siku zote. Leo. Na mimi niko mbele yake na kikapu. Nikamwuliza, sasa mimi niko wapi? Akacheka akadhani namtania. Nilitaka kumvunjia nyanya usoni.

Wengi wanajua. Hawajali. Bia ni ile ile, nyama ni ile ile, na jina lako likitajwa unapunga mkono. Mimi niliwazoesha hivyo mwenyewe.

Deus anasema tuachane nayo, tutafute sehemu Kirumba, kuna mzee ana bustani ndogo anataka watu wawili tu, gitaa na sauti. Nikamwambia nikiimba Kirumba huku naimba Igogo, Kirumba wataniita mimi ndiye wa bandia. Akanyamaza. Deus akinyamaza huwa ana jibu ila anakuonea huruma.

Ijumaa, 20 Juni

Mzee Masalu amefariki.

Presha. Alikuwa Mwaloni asubuhi anakagua magunia yake ya dagaa, akakaa chini, hakuinuka. Nimetoka kwao Kiseke sasa hivi. Watu wamejaa mpaka barabarani. Mama Kabula amekaa kwenye mkeka, kitenge kimefunika nusu ya uso. Aliponiona alinishika kifundo cha mkono akakishikilia. Nilikaa naye hivyo mpaka mkono ukafa ganzi.

Wanamsafirisha kesho kwenda kuzikwa kwao Magu.

Nimelia njia nzima. Alikuwa mtu wa makelele na majigambo na alinitania mpaka nikakereka. Lakini ndiye aliyekaa.

Jumapili, 22 Juni

Nimeshtuka usingizini na hilo wazo. Yumo mle. Yumo kwenye flashi. Kila wakipiga wimbo ule nitamwambia marehemu asimame tumwone.

Nimemtuma Deus aende kwa Kulwa akiwa mtu mzima, kwa adabu, amweleze. Akimwagiza Sele, atakata ile sehemu, kazi ya dakika chache. Mimi nisingeweza kwenda, ningemtapikia maneno. Deus karudi mchana uso umemshuka. Kulwa kamwambia huyo mwanamke wako anatafuta njia ya kurudi, sasa kaishiwa anatumia maiti. Maiti! Mzee aliyemjengea baa kwa mfuko wake, udongo wa kaburi haujakauka, yeye anasema maiti.

Wasukuma wa ukoo wa Masalu hawachezewi kwa mambo hayo. Marehemu kwao anaitwa jina kwa utaratibu, siku ya kutambika, na mkubwa wa ukoo anayejua cha kusema. Si kwenye spika. Si kwenye baa, na kreti za bia pembeni. Kulwa naye ni Msukuma, pacha kama jina lake linavyosema, hilo analijua kuliko mimi Mkerewe. Amejitia hamnazo kwa sababu ya uvivu wa kukata wimbo.

Na sauti itakayofanya huo ujinga ni yangu.

Jumapili, 29 Juni

Kimetokea.

Niandike kwa mpangilio, nimekasirika mno.

Msiba ulimalizika juzi. Leo ndugu wa marehemu walirudi mjini, wakaona wapite kwa Kulwa, wakae kwenye meza aliyokuwa anakaa mzee, wanywe kidogo wamkumbuke, kisha waende. Kaka yake mkubwa, Mzee Shija, na wadogo zake. Mama Kabula alikuwepo. Deus alikuwa ng'ambo ya barabara kwa fundi viatu, kaona yote.

Wimbo ukafika pale. Mzee Masalu wa Mwaloni, simama tukuone. Nikarudia, maana nilikuwa narudia kila mara, alikuwa anapenda. Simama baba, usituringie, simama tukuone.

Deus anasema meza ilipinduliwa kabla sijamaliza kurudia. Mmoja wa wadogo zake alipanda jukwaani. Angel aliendelea kuchezesha mdomo, masikini, hakujua kilichotokea, salamu zinaendelea kutoka na huku amekwidwa. Mama Kabula hakupiga kelele. Aliinuka akatoka nje, akasimama upande wa ziwa, akafunika masikio.

Na Kulwa? Kulwa aliwaambia si mimi, ni Bertha. Hiyo ni sauti ya Bertha. Mfuateni Bertha.

Wakanifuata. Wamepanda mlima huu wote na viatu vyao vya msiba. Nimemwamkia Mzee Shija shikamoo, hakuitikia. Sijawahi kunyimwa marahaba maishani mwangu. Akauliza mtu wao nimemkosea nini hata nimwite ndani ya baa, asimame, watu wamwone. Nani amwone? Na akisimama kweli?

Nimejaribu kueleza flashi. Mzee wa watu, amezika mdogo wake juzi, mimi naongelea flashi. Amesema alichosikia ni mdomo wangu, na Jumatano nifike Kiseke nikajibu mbele ya ukoo.

Siku ya faida sauti ni ya Kulwa. Siku ya lawama sauti ni ya Bertha. Nimevunja sahani mbili, zangu mwenyewe.

Jumatano, 2 Julai

Nimekwenda. Deus kanisindikiza. Nilivaa gauni la kanisani na nikaapa sitapiga kelele.

Tumekalishwa uani, wanaume upande ule, akina mama upande huu. Nimeeleza tangu siku Sele alipoanza kuleta kompyuta. Nimewaambia nilituma mtu kuonya, na Deus akasimama akasema ni yeye, na akarudia neno alilojibiwa. Alipotaja lile neno, maiti, akina mama walishika vichwa. Mzee Shija akamwomba arudie. Akarudia. Mzee Shija akamtuma kijana kwa simu, Kulwa aitwe sasa hivi, na aje na hicho kitu.

Kulwa kafika upesi mno. Shati limenyooshwa, kofia mkononi, shikamoo kwa kila mtu mpaka kwa watoto wakubwa. Hakubisha hata neno moja. Aliitoa flashi mfukoni akaiweka juu ya kigoda kwa mikono miwili. Akasema amefuta na kwenye kompyuta, Sele ameapa. Akaambiwa atatoa kondoo wa tambiko, akaitikia kabla hawajamaliza kusema ni wa rangi gani. Alijua. Wachuuzi wa Mwaloni wakimsusia, baa anafunga. Na hayo mengine ya ukoo nayo aliyaogopa, jasho lilikuwa linamtoka kwenye kivuli.

Mimi nilikuwa nimekaa pale pale namtazama. Nilimwomba. Nilimtukana. Nilikwenda serikali ya mtaa. Nilimtumia mtu mzima kwa adabu. Hakunipa. Ameitoa leo, haraka, kwa mikono miwili, na hakuniangalia hata mara moja. Hakuitoa kwa sababu ni yangu.

Mwisho Mzee Shija akasema basi mama, wewe huna kosa, mambo yameisha. Yameisha kwake yeye. Flashi wameichukua wenyewe.

Alhamisi, 3 Julai

Nimewaza usiku kucha. Kwanza ilikuwa kwa Kulwa. Sasa iko Kiseke, kwenye kabati la watu. Lini itakuwa kwangu?

Hata kuniuliza. Hata kugeuka tu wakauliza, Bertha, tuifanyeje. Hakuna.

Jumapili, 6 Julai

Kule chini wanapiga nyimbo za redio. Kimya changu nakisikia vizuri kuliko walivyonisikia wao.

Angel kaja. Nilidhani katumwa, nikamjibu shikamoo yake kwa shida. Alisimama mlangoni akasema amekuja kuomba msamaha, na kwamba Kulwa kamfukuza, anasema yeye ndiye mkosi. Nikamwambia ulikuwa unajua ile si sauti yako. Akasema alijua. Nikamwuliza sauti yako mwenyewe iko wapi. Akasema hajui, hakuna aliyewahi kumpa maiki inayofanya kazi.

Sikumwonea huruma. Nimeandika hivyo ili nisijidanganye baadaye. Nilimpa chai kwa sababu alikuwa amepanda mlima, akanywa, akaondoka. Ila yule kijana aliyemkwida amemwachia alama shingoni, na hilo nalo nimeliweka kwenye deni la Kulwa.

Deus anasema yule mzee wa Kirumba bado anasubiri jibu.

Jumamosi, 12 Julai

Nimetoka Kiseke jioni hii. Mama Kabula alituma ujumbe niende peke yangu.

Nilikwenda nimejiandaa kudai. Njia nzima nilipanga maneno. Ile ni sauti yangu, mama, naiomba, nikaichome moto, na msiponipa sasa sijui.

Alikuwa peke yake na mjukuu amelala. Amepungua. Alinikaribisha chumbani, si sebuleni, akanipa uji. Kisha akafungua sanduku la vitenge, akaitoa flashi, akaiweka katikati yetu kwenye mkeka. Akasema sauti ni yako. Jina ni letu. Sasa hii tunaigawaje, mimi sijui.

Maneno yote ya njiani yaliniishia.

Akaniambia ameisikiliza. Kwa siri, kwa redio ndogo ya jikoni, shemeji zake wakiwa wamelala. Wao wanataka ichomwe. Amesema nikishamaliza kumwita, baada ya salamu zote, mzee anakuja jukwaani kunitunza, na pale karibu na maiki anasema kitu kwa Kisukuma kuhusu Ukerewe na kucheka. Anacheka mpaka anakohoa. Amesema picha za mzee wanazo, nyumba nzima imejaa picha. Kucheka hawakuwa nako.

Nilipoimba siku ile sikumsikia. Nilikuwa naangalia noti zake.

Mtoto akageuka, akalala tena. Nilijua anachotaka, na nikajua angeweza kuichukua tu, kama walivyofanya wote. Iko nyumbani kwake. Nani angemwuliza?

Akapiga magoti. Mtu mzima yule, mwenye msiba, akapiga magoti mbele yangu kwa adabu yao, akasema Mama Bertha, naomba uniachie. Si lazima. Ni yako.

Nikamwinua. Nikamwambia akae nayo.

Jumatatu naanza mazoezi Kirumba na Deus.